Koti la Masereka Katika Jua la Beni

Siku ya kwanza kazini walinipa filimbi, kizibao cha rangi ya machungwa kilichonipwaya, na lango moja la soko la Butembo. Kabla ya saa sita mchana muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, alikuwa ameshanimwagia maji ya beseni lake miguuni kwa sababu nilimwomba alifunue nione ndani. Nilirudi nyumbani nikinuka chumvi, nikamwambia mume wangu kwamba kazi ile sirudii tena. Kesho yake nilirudi. Tulikuwa na watoto wa kusomesha, na shamba letu lilikuwa upande ambao watu walikuwa wameacha kwenda kulima kwa hofu.

Nawasimulia haya ninyi vijana mnaovaa kizibao hicho leo, na pia ninyi mnaopita mbele ya walinzi mkicheka, simu mkononi, mkiona kazi hii ni ya watu waliokosa kazi. Sisi tuliitwa walinzi wa soko. Hatukuwa polisi wala askari, na hatukuwa na silaha. Ofisi ya masoko ilituajiri sisi wanawake kwa sababu moja tu: mwanamume hawezi kumpekua mwanamke wa watu. Habari zilikuwa zimeanza kufika mjini za mabegi yanayoachwa chini ya meza na ya watu wasiojulikana wanakotoka, ndipo wakuu wakakumbuka ghafla kwamba soko limejaa akina mama. Kabla ya hapo hakuna aliyetuona.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Shefu wa Brigedi, mzee wa Lubero, askari wa zamani mwenye mguu mmoja mgumu na sauti ya kukwaruza. Asubuhi alitupanga ukutani kabla ya malori kufika, akatufundisha upekuzi, yaani namna ya kukagua mzigo na mwili wa mtu.

"Mukono yako ikae inje," alisema. "Mama mwenyewe njo atafungua sakoshi, mufuko yake. Wewe unaangalia na macho tu. Na mbele ya yote, salamu. Salamu itangulie mukono. Munasikia?"

"Na kama ni mutu mubaya, Shefu?" mwenzetu mmoja aliuliza. "Tumusalimie pia?"

"Huyo njo wa kusalimia sana! Mutu iko na kitu mubaya mu roho, ukimuuliza bei ya ndizi, hajue ya kujibu. Mutu muzuri atakasirika, atakutukana na mama yako, lakini atakujibu."

Tulicheka, lakini alikuwa anasema neno la kazi. Kukasirika si ushahidi. Ningekamata kila mama aliyenitukana pale langoni, Butembo pasingebaki mtu wa kupika. Shefu alitufundisha pia kwamba uso tusiutegemee, kwa kuwa katika miji yetu kila mtu ana msiba wake na sura yake imeharibika kwa haki. Tazameni mikono, alisema. Tazameni mtu anayekwenda kinyume na mkondo wa watu, na mzigo ambao mwenyewe haulizi umewekwa wapi. Vitu hivyo vilituchukua miezi mingi kuvijua, maana macho nayo hufundishwa kama mkono unavyofundishwa kushona.

Kulikuwa na jambo jingine tuliloliita kusafisha mstari. Ukiona mzigo usio na mwenyewe, ni lazima uwaondoe watu katika mstari ule wa meza bila kulitamka lile neno ambalo likisemwa sokoni watu hukanyagana hadi kufa. Basi tulipita tukisema mvua inakuja. Butembo hakuna anayebishana na habari ya mvua. Kila mmoja alifunika mali yake kwa turubai, akakimbilia barazani, nasi tukabaki na ule mzigo tukimngoja fundi wa polisi. Karibu kila mara ulikuwa ni mfuko wa mtu aliyekwenda msalani. Hatukumwona mjinga yule aliyetuita, wala hatukumcheka, kwa kuwa siku atakayoona aibu kutuita ndiyo siku watu watakayokufa.

Ugonjwa wa Ebola ulipoanza Mangina, baadhi yetu tulipelekwa huko kusimama kwenye vituo vya kunawa mikono na kupimwa joto. Watu walitutupia udongo na mabua ya mahindi. Mkuu wetu alikuwa Msimamizi wa Kituo, muuguzi wa miaka mingi, Mprotestanti aliyeanza kila siku kwa wimbo hata kama amelala njaa. Siku moja nilimkamata mama aliyemficha mtoto mwenye homa chini ya mzigo wa majani ya mihogo, nikaanza kumfokea. Msimamizi alinivuta pembeni.

"Yaya, dada yangu, usipige makelele. Mutu akificha kitu, usiseme mara moja ni mubaya. Uliza kwanza: anaogopa nani?"

Mama yule alituogopa sisi. Alikuwa amesikia kwamba tukimchukua mtoto harudi. Tulikaa naye mpaka akakubali mtoto apimwe, na ilikuwa malaria.

Kisha nikahamishiwa Beni, katika soko moja la Beu, mojawapo ya komini, yaani kata, za mji huo. Hapo kazi ilikuwa na uzito mwingine. Butembo tulikuwa na hofu ya kusikia, Beni walikuwa na hofu ya kuona. Hakuna familia ambayo haikuwa na kaburi lisilokuwa na maelezo. Sitawacheka watu wa Beni kwa kuogopa, na yeyote atakayewacheka mbele yangu atanitambua. Nina hasira nao kwa jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Mkuu wetu hapo aliitwa Komanda wa Sekta. Alikuwa kijana kuliko mimi, amesoma, ana adabu, na alilichukua soko lile kama shamba la baba yake. Alitufundisha alama za mtu wa kushukiwa. Nguo nzito wakati wa jua. Kifua au tumbo lililovimba bila mpango. Jasho jingi. Midomo inayocheza kama mtu anayesali. Mtu anayesimama muda mrefu bila kununua wala kuuza, na ambaye akiombwa kufungua anakataa. Ukimwona, usimkaribie. Weka duara la usalama, yaani warudishe watu nyuma pande zote, uite polisi, ungoje. Mafunzo hayo hayakuwa ya kipuuzi, nisiwe mnafiki. Najua sehemu ambako yameokoa watu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko kubwa, asubuhi iliyokwisha kuwaka jua. Watu wa Beni hulijua jua lao. Malori ya viazi, kabichi na vitunguu majani kutoka Masereka yalikuwa yameanza kuingia, na mimi nilikuwa langoni nikibishana na mwenye baiskeli. Karibu na mahali malori yanaposhushia, pembeni ya mstari wa chaguwa, yaani nguo za mitumba, alisimama mwanamke mmoja. Alivaa koti zito la sufu, lile la watu wa milimani, limefungwa vifungo mpaka kooni. Jasho lilimtiririka. Hakununua kitu. Alitazama kila lori linaloingia, kisha anainamisha kichwa, midomo inacheza. Kifuani koti lilikuwa limevimba.

Niwaulize: mnajua nani alimwona kwanza? Ni mwenyekiti wa wauza chaguwa, mtu mnene mwenye sauti, tuliyemwita Papa Prezida. Alimwona vizuri. Alama zote alizijua, maana Komanda alikuwa amewafundisha hata wauzaji. Na alijua pia alichotakiwa kufanya: kuja langoni kwangu, hatua chache tu, aninong'oneze. Hakuja. Alimwambia jirani yake wa kulia. Jirani akamwambia muuza viatu. Muuza viatu akawaambia wapakiaji wa malori. Habari iliponifikia mimi mlinzi ilikuwa imeshakuwa kelele.

"Muangalie kifua yake! Iko na kitu!"

"Koti mu jua ya hivi? Fungua koti, mama! Fungua!"

"Hapana niguse," yule mwanamke alisema, akirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa tairi la lori.

"Aseme anatoka wapi! Juu ya nini ananyamaza?"

Kisha mtu akalitamka lile neno. Watu wa mbali walikimbia, meza zikapinduka, nyanya zikasagwa chini ya miguu. Lakini wale wa karibu hawakukimbia. Hapo ndipo akili yangu hugoma mpaka leo. Ukiamini kweli mtu amebeba bomu, unakimbia. Hawa walibaki, wakaokota mawe. Sasa waliamini nini?

Nilipiga filimbi nikaingia katikati, redio mdomoni. Komanda alijibu mara moja.

"Usimukaribie. Unasikia, mama? Weka duara. Polisi beko njiani."

Nikatii. Nilinyoosha mikono, nikasukuma watu kwa kifua na kwa mgongo, nikawafokea warudi nyuma, warudi, warudi. Wakarudi. Palikuwa na uwazi mzuri pande zote, kama tulivyofundishwa, na yule mwanamke peke yake katikati. Ndipo jiwe la kwanza likaruka. Duara langu la usalama lilikuwa limewapa nafasi ya kurusha.

Jiwe lilimpiga juu ya jicho. Damu ikashuka. Nikamtazama mikono, kama Shefu alivyonifundisha miaka ile. Mtu yeyote akirushiwa jiwe huinua mikono kufunika kichwa. Yeye hakuinua. Aligeuka akaupa umati mgongo, akajikunja juu ya kifua chake, kichwa akakiacha wazi. Na mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti, unapigapiga polepole, kwa mpigo ule ambao kila mama anaujua hata akiwa usingizini. Kwenye koti, upande wa kushoto na wa kulia, palikuwa na madoa mawili yaliyolowa. Jasho halilowanishi hivyo. Yalikuwa maziwa.

"Mama, toka hapo!" redio ilisema. Niliizima.

Nilimwendea. Jiwe jingine lilinipata begani, nikasikia Papa Prezida akipiga kelele kwamba hata mlinzi amenunuliwa. Nilipofika karibu naye nikamwamkia kwa Kinande, polepole, kama tumekutana njiani tukienda kuteka maji.

"Wabukire, mama."

Akaniitikia. Kwa pumzi tu, meno yakigongana, lakini akaniitikia salamu yangu.

"Ni mutoto?"

"Usiseme," alininong'oneza. "Mama, usiseme. Mama-mukwe alinikataza nisitaje mutoto mbele sijafika naye ku nyumba. Niliisha kuzika batoto babiri."

Nikaelewa kwa mara moja, na mengine alinieleza baadaye. Mtoto alikuwa amezaliwa hospitalini hapo Beni, kabla ya wakati wake. Watoto wa namna hiyo wauguzi huwafunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na yeye walikuwa wamemwambia asimtoe kwenye joto hilo. Koti ndilo nguo nzito pekee aliyokuja nayo kutoka kwao. Alikuwa anangoja lori la viazi la kutoka kwao, lishushe mzigo limrudishe nyumbani. Na wale watu waliokuwa wanapiga kelele afungue koti walikuwa wanataka kumvua mtoto wake uhai mbele ya soko zima.

Ningefanya nini? Kupiga kelele kwamba ni mtoto? Umati uliokwisha kupandisha damu hauna masikio. Mvua nayo isingesaidia, jua lilikuwa linatupasua vichwa. Watu husema wengi wape. Mimi sikuwapa. Nilikumbuka wito mmoja, nao si wa kazini. Ni wa mama zetu. Mwanamke akishikwa na uchungu njiani, shambani au sokoni, yule aliye karibu naye huita kitenge. Kila mwanamke anayesikia huvua kitenge chake cha juu, anakuja anakishika, mpaka panakuwa na ukuta wa nguo. Haulizi ni nani anazaa wala ni wa kabila gani. Na wanaume hugeuza migongo. Mwanaume atakayebaki anatazama, jina lake litasemwa vibaya mpaka kwa wajukuu.

Nikajaza kifua hewa.

"Ba mama, kitenge! Ba mama, kitenge!"

Wa kwanza kuja alikuwa muuza sombe, yaani kisamvu, mjane mwembamba, aliyekuwa amejificha nyuma ya gunia. Sidhani alifikiri. Miguu yake ilikuja yenyewe, huku mikono inafungua kitenge kiunoni. Wa pili alikuwa muuza mafuta ya mawese, mikono imepaka rangi mpaka viwikoni. Kisha wakaja wengine, kutoka upande wa dagaa, kutoka upande wa unga, wengine kutoka barabarani walikokuwa wamekimbilia. Vitenge vikapanda. Niliona kwa macho yangu kijana mmoja mpakiaji, jiwe mkononi, akigeuka kutupa mgongo kama aliyeamriwa, kisha akalitazama lile jiwe asijue aliweke wapi.

Ndani ya ukuta tulimkalisha kwenye gunia la kabichi. Jina lake Kahambu. Vifungo alivifungua mwenyewe, viwili tu vya juu. Alikuwa pale, mtoto wa kike, mdogo kama kiganja na nusu, kofia ya soksi kichwani, ngozi nyekundu, amelala. Tulimwinamia wote. Kisha akakunja uso wake kwa hasira, akalia. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kifaranga, lakini muuza sombe alianza kulia na kucheka pamoja, akasema, "Huyu ataishi. Mutoto wa kukasirika hivi hafe."

Nje walisikia. Na mnadhani walifanya nini? Mngetegemea kimya, au mtu apige magoti. Simu zilipanda juu ya vitenge! Mikono ileile iliyoshika mawe ilikuwa sasa imeshika simu, wanatafuta picha ya mtoto. Niliupiga mkono mmoja kwa filimbi yangu ya chuma, na simu ikaanguka kwenye nyanya zilizosagwa. Sijutii. Ningeupiga tena leo.

Nilipotoka, Papa Prezida alikuwa anapanga suruali zake upya.

"Papa, njoo uombe mama pole," nikamwambia.

"Pole ya nini? Na kama ingekuwa bombe? Sisi tulikuwa tunafanya vigilance. Banatuambia kila siku, muangalie, muangalie. Tuliangalia."

"Uliona, ndiyo. Juu ya nini haukunifikia? Niko hapo ku mulango toka asubuhi."

"Eh, mama, wakati ya kutembea iko wapi na kifo iko mbele yako?"

"Lakini wakati ya kuokota jiwe ilipatikana."

Alimgeukia mteja akamtajia bei ya suruali. Soko zima lilifanya hivyohivyo. Meza zikasimamishwa, watu wakarudi kubishana juu ya vikombe vya maharage. Muuza sombe alileta maji tukamwosha Kahambu jicho. Lori la kwao lilipofika, dereva alishuka, akamwona na damu, akashika kichwa. "Iyi ni muke ya ndugu yangu! Bamemufanya nini?" Walioweza kusema walikuwa wanatazama chini. Tulimpandisha mbele, karibu na dereva, na vitenge havikushuka mpaka mlango wa lori ulipofungwa.

Kesho yake asubuhi Komanda alitupanga. Alinitoa mbele ya wenzangu.

"Ulizima redio. Uliingia ndani ya duara bila amri. Kiisha uliita ba mama waje pale pale. Kama ingekuwa kitu ya kweli, ungeua bote. Ni bongo? Ninadanganya?"

"Si bongo, Komanda."

"Mimi niko na soko muzima ya kulinda, mama. Wewe ulikuwa unaangalia mutu mumoja."

Alisema kweli, na sitadai vinginevyo. Nimeigeuza kweli hiyo kichwani usiku na mchana, na kila nikiigeuza inanikata upande mwingine. Mama wale waliniamini bila kuuliza. Lakini nami nilitaka kumwuliza, na adabu ikanizuia: yule mmoja alikuwa wa soko la nani? Mafunzo yetu yalieleza kila kitu kuhusu mtu mbaya aliyejificha kati ya wazuri. Juu ya mtu mzuri aliyezingirwa na wabaya hatukufundishwa hata sentensi moja.

Yote hayo ningeyameza. Nililoshindwa kumeza ni lililofuata. Katika mstari ule ule, mbele yetu sote, mjumbe wa ofisi ya masoko alimwita Papa Prezida, akampa mkono na kumpongeza kwa uangalifu wake, ili wauzaji wengine wajifunze. Tukapiga makofi. Ndiyo, tulipiga makofi, kwa kuwa tuliamriwa. Na tukio lenyewe walilipa jina, tahadhari ya uongo. Uongo! Ile damu niliyoiosha kwenye jicho la mama wa watu haikuwa ya uongo. Hakuna aliyeuliza jina lake, wala kama alifika, wala kama mtoto yu hai. Aliyerusha jiwe hakutafutwa, na sote tulimjua, maana aliendelea kupakua viazi pale pale, viazi vya Masereka, akivila pia.

Nilifanya kazi Beu mpaka miguu ikakataa. Nilipostaafu walinipa sahani za maua na hotuba. Sasa ninakaa Butembo, ninafuga kuku, na vijana wa kizibao huja kuniuliza mambo ya kazi. Ninawaambia yaleyale ya Shefu: tazama mikono, salamu itangulie. Ninawaambia pia wamtii mkuu wao, halafu ninawaambia itafika siku kutii kutawashinda, na siku hiyo hakuna atakayewapongeza. Ninyi wa sokoni nawaambia hivi: ukimshuku mtu, nenda kwa mlinzi. Nenda kwa miguu yako, mwambie yeye, yeye peke yake. Anayewaambia jirani zake kwanza hatafuti usalama. Anatafuta wenzake wa kurusha jiwe, ili jioni akirudi nyumbani ajiambie halikuwa lake.

Kahambu hakusahau. Kila msimu yule dereva aliniletea mfuko wa viazi kutoka kwake, na salamu. Yeye mwenyewe hakupita tena Beni. Mwishowe, mwaka uliopita, nikapanda lori mwenyewe kwenda Masereka kuwasalimu.

Mnaijua baridi ya Masereka. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na kila niliyempita alikuwa ndani ya koti. Mbuzi wangekuwa na vifungo wangevaa pia. Mtoto alinikimbilia kwanza, amevaa sweta mbili, kamasi puani, ananiuliza kwa nguvu kama nimeleta mkate. Anasoma. Anapiga kelele kuliko watoto wote wa mtaa. Nilimwinua nikasikia uzito wake.

Nyuma yake alikuja mama yake, kovu juu ya jicho. Alivaa blauzi nyepesi ya mikono mifupi, vinyweleo vimesimama, midomo imeingia rangi ya zambarau.

"Mwanangu, koti yako iko wapi?" nikamwuliza.

"Sivaangi tena, mama. Toka siku ile. Nimezoea."

"Utakufa na baridi!" Nikavua langu, nikamshikisha. "Vala hii. Vala, nakuambia."

Alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Akatazama barabara upande wa juu, kisha upande wa chini. Akafungua vifungo vyote, kimoja kimoja, akaligeuza ndani nje, akalikung'uta mbele yake, akalinyoosha wazi hewani kwa muda, kama anayemwonyesha mtu kwamba hamna kitu. Kisha akalikunja vizuri akanirudishia.

Barabarani hapakuwa na mtu.